Pinboli ya zamani imegoma: uitafute hitilafu kwa mikono, kwa taa au kwa mita?

Mashine ya pinboli, ule mchezo wa kupiga mpira wa chuma chini ya kioo, iliyoundwa Chicago miaka ya 1970 haikukusudiwa kukaa Mji wa Kale wa Mombasa, hatua chache kutoka majini. Ndani ya sanduku lake mna mamia ya vibamba vya shaba ambavyo lazima vigusane sawasawa, na hapa kwetu hewa ina chumvi, unyevu hauishi, na masika yakishika hata ukuta hutoa jasho. Basi mashine inakaa kimya wiki tatu. Siku ya Idi wajukuu wamejaa sebuleni, unaiwasha: taa zawaka, mota yanguruma, mpira hautoki.

Hapo kila mtu hutoa fatwa yake. Fundi wa redio atasema lete mita, kile kifaa cha kupimia volti, ampea na omu. Ami yangu, aliyefunga nyaya za malori Changamwe tangu ujanani, mita hataki hata kuiona: "Mwanangu, hiyo yasema uongo. Nipe balbu na waya." Na mtu aliyeishi na mashine hizi miaka mingi atakwambia uzime, ufungue, usafishe, maswali baadaye. Nimezijaribu njia zote tatu. Kila moja imeshanitoa shimoni, na kila moja imeshanitia.

Nilivyozipima

Kila njia nimeiuliza maswali yale yale: inakamata hitilafu gani, yataka vifaa gani, inahatarisha nini, inadanganya wapi, na yamfaa nani. Swali la nne nimelikalia zaidi, maana ndilo linalokula siku za watu.

Majibu hubadilika kulingana na ukoo wa mashine. Ukoo wa kwanza ni wa relei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, uliotawala mpaka kiasi cha mwaka 1977. Hauna kompyuta yoyote. Koili zake, ile misokoto ya waya inayovuta chuma ikipata umeme, hupata volti 24 hadi 30 za umeme geu (AC), taa zake volti 6 na ushei, na kazi yote ya kufikiri hufanywa na relei pamoja na mota ya alama. Mpira ukigonga kitu cha pointi 50, mota hiyo ndiyo inayopiga kumi mara tano. Ukoo wa pili ni wa bodi za kielektroniki: kichakataji, transista, na tarakimu zinazowaka badala ya magurudumu ya namba. Katika mashine za mwanzo za ukoo huu za kampuni ya Bally, koili hutumia kama volti 43 za umeme mnyoofu (DC), vidude vya bodi volti 5, na tarakimu karibu 190. Fungua mlango wa nyuma. Ukiona magurudumu yaliyoandikwa 0 hadi 9, uko kwa relei.

Stima yenyewe kwanza

Hili si la njia moja, ni la zote. Mashine za Marekani zimefungwa kwa volti 120 na hezi 60. Soketi zetu ni 240 na 50. Baadhi ya transfoma zina ncha kadhaa za kuchagua volti. Ikiwa yako imefungwa kwenye ncha ya 220, umeme wa 240 unaizidishia asilimia 9 hivi: taa ya volti 6.3 inapata karibu 6.9, nawe utashangaa mbona unanunua balbu kila mwezi. Mota ya alama iliyoundwa kwa hezi 60 nayo huzunguka polepole huku kwetu. Huo si ugonjwa, usiutafutie dawa.

Kizima-mashine kikiwa kimezimwa, umeme wa ukutani bado unafika mpaka kwenye kizima-mashine hicho, na mara nyingi kwenye soketi ndogo ya fundi iliyo ndani ya sanduku. Chomoa plagi. Mashine nyingi zilikuja na plagi ya pini mbili bila waya wa ardhi. Ongeza waya huo kabla hujafikiria kucheza. Kama unatumia kipunguza-volti cha dukani, jua kwamba vingi vya bei nafuu hupunguza volti tu, havikutengi na umeme wa ukutani.

Na fyuzi ikikatika, usiweke kubwa zaidi, wala usiizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nimefungua mashine tatu hapa Mombasa, mbili zilikuwa na karatasi hiyo.

Njia ya kwanza: mikono na macho, plagi imechomolewa

Inakamata nini. Kwenye mashine ya relei, hitilafu nyingi kabisa ninazokutana nazo. Bonyeza kila relei kwa kidole na utazame vibamba vyake kwa tochi. Vibamba viwili vikigusana, cha pili kinapaswa kusukumwa kidogo baada ya kuguswa. Msuguano huo mdogo ndio unaovisafisha mchezo baada ya mchezo. Vinavyogusana kwa shida, au vimekuwa vyeusi, ndio washukiwa. Tafuta waya uliokatika pale ulipolehemiwa, maana koili hutikisika kila inapopiga. Chomoa zile plagi kubwa za pini nyingi na kuzirudisha mara tatu nne. Chumvi hupenda kukaa humo.

Halafu kuna vihesabu, yale masahani yenye vidole vya shaba vinavyopiga hatua moja moja. Grisi ya miaka hamsini hugeuka kuwa gundi, kihesabu hakirudi sifuri, na mashine hukataa kuanza kwa sababu inangoja kirudi. Futa grisi yote kwa spiriti, sahani iache kavu.

Mfano ninaoupenda ni flipa, kile kijimkono cha kupigia mpira, ikiwa dhaifu. Koili ya flipa ina nyuzi mbili: nene ya kuvuta kwa nguvu, nyembamba ya kushikilia. Swichi ndogo iliyo mwisho wa safari ya flipa huwa imefungwa, na ikifungwa huruka ule uzi mwembamba ili nguvu zote ziende kwenye mnene. Flipa ikifika juu, swichi hufunguka na uzi mwembamba huingia kazini. Swichi hiyo ikichafuka, flipa hupiga kama mgonjwa. Isipofunguka kabisa, koili hupata moto, hunuka, na mwisho huungua. Yote mawili unayaona kwa macho, plagi ikiwa mkononi.

Kwenye ukoo wa bodi, macho yatafute betri iliyovuja. Betri za nikeli na kadimi zilizokuwa kwenye bodi kuu humwaga uchafu wa kijani na mweupe unaokula njia za shaba. Uchafu huo ni wa upande wa magadi, kwa hiyo siki nyeupe huuzima. Suuza kwa maji, kisha spiriti, kisha kausha vizuri. Tazama pia miguu ya pini za soketi nyuma ya bodi: duara jembamba jeusi kuzunguka pini maana yake risasi ya kulehemu imepasuka.

Vifaa. Tochi, bisibisi, spiriti, na kadi. Kadi ya harusi ile isiyong'aa ni bora kuliko chochote nilichowahi kununua: kata ukanda, lowesha kidogo, upitishe katikati ya vibamba huku umevibana kwa kidole. Tupa laini ni ya zile swichi nene za flipa peke yake. Swichi za mashine ya bodi zina ganda jembamba la dhahabu, na tupa italiondoa kwa mpapaso mmoja.

Hatari. Kwako ni ndogo, ila kwenye mashine ya bodi subiri dakika kadhaa baada ya kuchomoa, kwa sababu kapasita za upande wa tarakimu hushika umeme. Kwa mashine hatari ni mikono yako mwenyewe. Ukikunja vibamba ishirini "ili viwe vizuri", umeongeza hitilafu kumi na tisa. Na usipulize mafuta ya kopo ndani ya mashine ya relei: swichi zake hutoa cheche, na mafuta hayo huwaka.

Inadanganya wapi. Inaponya bila kukuambia ugonjwa. Umesafisha swichi sitini, mashine imepona, hujui ilikuwa ipi. Msimu wa kusi ukirudi, nawe unarudi na kadi zako. Jicho pia halioni waya uliokatika ndani ya ganda, wala fyuzi inayoonekana nzima na sivyo.

Yamfaa nani. Mwenye subira, asiyejua kusoma mchoro, aliyenunua mashine ya relei iliyolala stoo miaka.

Njia ya pili: taa ya majaribio na kipande cha waya

Hii ndiyo njia ya ami, na mwanzoni niliidharau. Vifaa vyake ni balbu ya lori ya volti 24, soketi yake, waya mbili zenye vibano vya meno, na waya wa tatu mtupu wa kuungia. Jiji la bandari halikosi balbu za lori. Duka lolote la spea barabara ya kwenda Miritini linazo. Kwa taa za mashine, zile za volti 6, tafuta balbu ya 6 kwa kazi hiyo.

Inakamata nini. Njia iliyokatika katikati ya saketi ya relei. Bana waya mmoja wa taa kwenye upande wa pamoja wa umeme, na wa pili uutembeze swichi kwa swichi. Taa inawaka hapa, haiwaki pale: hitilafu iko kati ya hapa na pale. Waya mtupu hufanya kinyume. Unaruka swichi moja kwa kugusa tu. Relei ikivuta, swichi hiyo ndiyo iliyokuwa imelala.

Ubora wake mkubwa uko kwenye fyuzi inayokatika kila ukiwasha. Toa fyuzi ya koili, bana balbu ya lori ya wati 21 mahali pake. Sasa umeme hauwezi kuzidi unaopita kwenye balbu, chini ya ampea moja. Balbu ikiwaka kali, hitilafu ipo bado. Chomoa tawi moja moja la nyaya mpaka ififie, na tawi lililoifanya ififie ndilo lenye kesi. Bila balbu ungechoma fyuzi kumi kupata jibu hilohilo.

Nitoke nje kidogo hapa, kwa sababu kuna fyuzi ya taa inayokatika bila hitilafu yoyote. Balbu namba 44 hula ampea 0.25, namba 47 hula 0.15. Taa arobaini za 44 ni ampea 10. Za 47 ni 6. Vishikio vya fyuzi vilivyochakaa kwa chumvi hupata moto kwa ampea 10, fyuzi inaungua kwa joto la kishikio, nawe unatafuta shoti ambayo haipo. Badilisha balbu, badilisha kishikio.

Hatari. Mashine imewashwa na mkono wako uko ndani. Fanya kazi upande wa volti ndogo tu, mkono mmoja mfukoni, viatu miguuni, sakafu kavu. Upande wa ukutani wa transfoma, balbu hii haina lake. Ukiipa koili umeme kwa waya mtupu, gusa na uachie. Koili ya kupiga haikuumbwa kushikilia. Na kwenye mashine ya bodi waya huo ni marufuku. Volti 43 zikigusa njia ya volti 5 kwa kufumba na kufumbua, umeua vidude ambavyo havitengenezwi tena.

Inadanganya wapi. Mashine ya relei ina njia za uchochoroni. Umeme uliokosa mlango wa mbele unaweza kupenya kwenye koili ya jirani na kuiwasha taa yako kwa wekundu hafifu. Anayeona "imewaka" na kupita ameshapotea. Ukali wa mwanga ni sehemu ya jibu.

Yamfaa nani. Mwenye mashine ya relei aliye tayari kuifuata njia moja kwa mpangilio, hata kama mchoro wake umeliwa na mchwa.

Njia ya tatu: mita na mchoro

Inakamata nini. Chochote chenye namba. Koili: nyingi za kupiga zina omu kati ya 3 na 15 hivi, na nzuri zaidi ni kuilinganisha na pacha wake upande wa pili wa meza ya kuchezea. Fyuzi: itoe kwenye kishikio ndipo uipime. Kwenye mashine ya bodi njia hii haina mpinzani. Ndiyo inayokuambia kama zile volti 5, 43 na 190 zipo kabla hujailaumu bodi kuu. Ndiyo inayopima transista iliyokufa ikiwa imefunga, hivyo koili inavuta mara tu unapowasha na haiachi. Ndiyo inayopima dayodi ya koili, ambayo ikikatika huiua transista mpya uliyoweka jana. Bally za kipindi hicho hata zina kitaa kidogo kwenye bodi kuu kinachomweka mara saba kadiri bodi inavyofaulu vipimo vyake. Kikikomea njiani, idadi ya mimweko inakuonyesha sehemu ya kuanzia, na mita inamalizia.

Mchoro wa saketi ndio nusu ya njia hii. Mara nyingi ulikunjwa ndani ya sanduku. Kama haumo, tafuta kwenye intaneti kwa jina kamili la mashine na mtengenezaji. Soma ukingoni mashine ilikuwa katika hali gani ilipochorwa. Swichi inayoonyeshwa imefunguka huenda iko hivyo kwa sababu tu mpira haujakaa mahali pake.

Vifaa. Mita ya kawaida hugharimu kama chakula cha jioni cha watu wawili, na mafundi wa simu mjini watakuonyesha inayodumu. Ongeza chuma cha kulehemu, kwa sababu ukishapima utataka kubadilisha.

Hatari. Kwako ni ya wastani mradi umeiweka kwenye kipimo sahihi. Ncha nyekundu iliyosahaulika kwenye tundu la ampea, halafu ukapima volti, ni shoti uliyoitengeneza mwenyewe. Kwa mashine, mita ndiyo mpole kuliko zote.

Inadanganya wapi. Masika moja relei ya kuanzia mchezo haikuvuta. Nikapima: volti 26 ziko mpaka mlangoni pa koili. Nikaamua koili imekufa, nikaing'oa, nikaipima, nzima. Nikairudisha. Siku mbili. Ami akaja na kitaa chake, akakibana palepale niliposoma 26, na kikawaka wekundu wa ncha ya sigara. Hakusema neno, akafuata nyuma mpaka kwenye pini moja ya ile plagi kubwa, iliyoota kijani. Mita hunywa umeme kidogo mno, kwa hiyo uchafu haukuizuia kusoma volti zote. Koili inayotaka ampea nzima haikupata kitu.

Ami naye nilimlipa baadaye. Flipa ya kushoto ilikuwa inakata fyuzi, kitaa chake kinawaka vizuri kila mahali, naye akaapa nyaya ni nzima. Nyaya zilikuwa nzima kweli. Mita ilionyesha koili ya kushoto ina chini ya nusu ya omu za pacha wake: nyuzi zimegusana ndani ya koili, mahali ambapo balbu haifiki.

Uongo wa pili wa mita ni mlio. Koili ya omu 3 huifanya ilie kana kwamba swichi imefungwa. Kabla ya kupima swichi ya mashine ya relei, chomeka kipande cha karatasi kati ya vibamba vya jirani zake ili uitenge.

Yamfaa nani. Mwenye mashine ya bodi, hana hiari. Mwenye relei anayependa kujua sababu na si kupona tu.

Kuna njia ya nne, ya pochi: kununua bodi mpya iliyoundwa upya na kuchomeka. Inafaa kwa bodi iliyoliwa na betri kupita kiasi. Lakini kama kilichoua ile ya zamani ni koili iliyoungua chini ya meza, bodi mpya itaifuata.

Kwa hali yako

Mashine ya relei iliyonunuliwa juzi kutoka stoo, haijawahi kuwaka mbele yako: mikono kwanza, siku nzima ikibidi, na usiiwashe kabla ya kuhakikisha volti za transfoma na fyuzi zake zote kwa mujibu wa maandishi ya kwenye mbao.

Ilikuwa ikicheza jana, leo kitu kimoja tu hakifanyi kazi. Usisafishe mashine nzima, utazika ushahidi. Taa ya majaribio kwa relei, mita kwa bodi, fuata njia ya kitu hicho peke yake.

Fyuzi inakatika papo hapo: balbu mahali pa fyuzi, kisha mita kwenye tawi litakalokamatwa. Kwa bodi, chomoa soketi za bodi kwanza uone kama fyuzi bado inakatika.

Koili imeshika na moshi unatoka: chomoa plagi ukutani, usitafute kizima-mashine. Ikishapoa, kwenye relei tazama swichi zilizoshikana. Kwenye bodi pima transista na koili yenyewe, zote mbili, kabla ya kubadilisha chochote.

Mashine iko hotelini au mkahawani na wateja wanaigusa, nawe si fundi: usafi wa kadi uwe wako, umeme uwe wa fundi, na waya wa ardhi upimwe kabla ya mtoto yeyote mwenye miguu mibichi kutoka baharini kuigusa.

Na ile inayougua jioni tu, ikitaka, asubuhi haina neno. Hiyo usiifuate ikiwa nzima, hakuna njia itakayoiona. Ingoje iugue. Ikishagoma, kama ni ya relei, bana taa kwenye koili iliyokataa, chukua kijiti kikavu cha mshikaki, na uanze kusukuma nyaya na plagi moja moja taratibu, macho kwenye taa. Itakapopepesa, hapo kijiti kilipo, simama.